Kipigo Kisicho na Mwenyewe

Ng'ombe akishaning'inizwa kwa miguu ya nyuma, akachunwa na kutolewa utumbo, anabaki kazi ya mtu mmoja: kumpasua kati kwa kati kwa shoka, kuanzia mkiani hadi shingoni. Pale machinjioni mtu huyo aliitwa Radi. Wengine walihitaji mapigo kumi na tano. Yeye tisa yalimtosha, na kila pigo lilisikika hadi kwenye mabanda ya kusubiria, ng'ombe waliokuwa bado hai wakarudi kinyumenyume na kukanyagana. Mfupa ulilia, uboho ukamrukia midomoni, mzoga ukaachana pande mbili kama mlango uliopigwa teke.

Asubuhi ile alipiga mapigo kumi na tisa kwa ng'ombe mmoja. Alihesabu mwenyewe, meno yameumana, akiomba Mungu pasiwe na mwingine anayehesabu.

Kifua hakikumuuma. Kifua, ambacho wiki saba nyuma kilimbana mpaka akakojoa alipokuwa amesimama, sasa kilikuwa kimetulia kabisa. Kilichouma ni vingine vyote: mapaja, mabega, misuli ya nyuma ya mikono, nyayo. Alikuwa kama mtu aliyefungwa kwenye nguzo akapigwa mpira wa maji na watu waliojua kazi yao. Tena alama zilikuwepo. Alikuwa na baka jeusi ubavuni ukubwa wa kiganja, lingine begani, na pajani lililokuwa likigeuka kutoka zambarau kwenda kijani. Hakuna aliyemgusa. Aliegemea mlango tu, mlango ukamwachia alama kama rungu.

Hospitali walimpitishia mrija mwembamba kutoka kifundo cha mkono hadi moyoni. Walikuta mshipa umeziba, wakauzibua, wakaacha humo kijiwavu cha chuma kifupi kuliko ukucha. Siku ya nne walimpa mfuko wa vidonge vya aina tano na kumwambia ameze asikose. Kwamba vidonge hivyo vingemfanya nini, hakuna aliyepoteza mate kumweleza. Kazini alisema amefiwa na mjomba. Mjomba mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa tisa. Ilibidi amfufue ili amuue tena, na wenzake wakamchangia pole.

Alidanganya kwa sababu alitaka shoka lake. Pale machinjioni kulikuwa na sheria mbili ambazo hazikubandikwa ukutani. Ya kwanza ilishuka kutoka kwenye chumba cha vioo, juu, alikokaa mnyapara: anayeugua ananyang'anywa chombo chake na kukabidhiwa mpira wa maji, aoshe damu na mavi ya utumbo kwenye mfereji. Kutoka mferejini hakuna aliyepanda tena. Mlango ulikuwa mmoja tu, wa kutokea nje. Sheria ya pili waliitunga wanaume wenyewe, miaka ile wenye mali walipokuwa wakikodi vijana wa mtaani kuja kuwapiga waliogoma: mwenzetu akipigwa, wote tumepigwa. Aliyepiga ataletwa. Aliyeonewa atampiga pigo la kwanza macho kwa macho, kisha jamaa atavishwa gunia kichwani na kundi litamaliza. Kwa hiyo mwanamume akivunjwa mbavu na mtu alikuwa na ndugu arobaini. Akivunjwa na maradhi, hakuwa na hata mmoja. Hiyo ndiyo hesabu waliyoirithi, na hakuna aliyesimama hata siku moja kuuliza nani anafaidika nayo.

Radi alijua vizuri kuliko wote. Mtu wa shoka kabla yake alikuwa mzee mmoja mpole waliyemwita Babu. Miaka kumi na mmoja iliyopita Babu alilalamika kwamba mikono inawaka moto. Alipewa mpira wa maji siku ileile. Mwezi wa tatu alianguka kifudifudi mferejini, kwenye maji ya vidole vinne, akafa humo. Kazi haikusimama. Walimvuta kwa gambuti zake mpaka kwenye ngazi, wakamfunika kwa ngozi mbichi ya ng'ombe kwa kuwa hakukuwa na shuka karibu. Mpini wa shoka lake wakati huo ulikuwa mikononi mwa Radi, ambaye alikuwa ameupokea bila kuuliza kitu.

Nyumbani mkewe, mshona magodoro, mwanamke wa vidole vigumu, alimkanda kwa kitambaa cha maji moto jioni baada ya jioni. Jumamosi alimkanda kwa nguvu zaidi, akidhani ni misuli iliyokaza. Jumapili asubuhi Radi alivua fulana kwenye mwanga wa dirisha, na mkewe akaona vidole vyake mwenyewe, kumi, vimechorwa kwa rangi nyeusi mgongoni mwa mumewe. Aliketi kitandani akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Mimi ndiye nimekufanya hivi?"

"Siyo wewe. Ni vile vidonge."

"Umemwambia daktari?"

Alikuwa amemwambia. Alikaa kwenye benchi la kliniki kwa muda wa saa tano, akaingia, akaeleza juu ya maumivu, mabaka na viganja vilivyokuwa baridi kama vya maiti. Daktari alikuwa akiandika karatasi za mgonjwa aliyepita. Alisema ni kawaida. Radi aliuliza kawaida ya nani. Daktari alisema umri, kisha akaita jina linalofuata. Dakika mbili. Ng'ombe pale machinjioni hutazamwa meno, ulimi na kwato kwa muda mrefu kuliko huo kabla ya kupigwa rungu la kichwa.

Siku hiyo ya Jumapili Radi aliamua kwamba imetosha. Alichukua kopo alimoweka vidonge akaenda nalo chooni kuvimwaga. Mkewe alimwahi mlangoni, akalishika kopo kwa mikono miwili. Walivutana kimya, kama watu wanaogombea kisu. Radi akamsukuma, mgongo wa mkewe ukagonga ukuta, na yeye mwenyewe akashtuka kuona mkono wake wa kulia umeinuka, kiganja wazi, umesimama hewani juu ya uso wa mwanamke ambaye yeye hakuwahi kumpiga kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa.

Mkewe hakupepesa. "Piga," alisema. "Halafu meza."

Mkono ulishuka. Alimeza. Kisha alitoka nje akalipiga teke pipa la maji mpaka likabonyea, na jioni mguu wake ulikuwa mweusi kutoka kidoleni hadi kwenye enka.

Jumatatu kazini wakapangwa mstari. Barua ilikuwa imetoka kwa watu wa afya juu ya majipu na vidonda, na mnyapara akaagiza kila anayegusa nyama avue shati akaguliwe kabla ya kuvaa aproni. Hakuna aliyekuwa ameonywa. Radi alisimama wa tano. Aliyemfuata nyuma alikuwa mchuna ngozi waliyemwita Kobe, kwa shingo yake fupi na kwa jinsi alivyochukua muda kukasirika. Lakini akikasirika, kumrudisha ilikuwa shughuli. Walikuwa wamefanya kazi bega kwa bega miaka kumi na sita.

Radi alivua shati. Mstari mzima ukageuka kumtazama.

Alikuwa kama ramani. Mgongo, mbavu, mabega, mikono. Na katikati ya mgongo, vidole kumi vya mtu. Mnyapara alisogea, kalamu mkononi, macho yamekaza, akauliza kama ni ugonjwa. Aliuliza kwa upole, jinsi mtu anavyopapasa ng'ombe kutafuta pa kuchoma.

Kabla Radi hajafungua kinywa, Kobe alikuwa ameshamshika bega na kumgeuza.

"Nani kakufanya hivi, kaka?"

Upande mmoja alisimama mnyapara na kalamu, na nyuma yake mfereji na ule mpira wa maji umejikunja ukutani. Upande wa pili ndugu arobaini. Kupitia mlango mkubwa Radi aliliona geti, na getini mlinzi akimpekua mfagiaji kwa mikono isiyo na haraka. Mlinzi huyo walimwita Kipenga, kwa ajili ya firimbi aliyoipuliza hata mtu akichelewa dakika moja. Hakuna aliyempenda. Alishawahi kumvua mama mmoja wa usafi kitenge mbele ya wanaume akitafuta kipande cha ini ambacho hakikuwepo. Watu hawakusahau.

"Kipenga," Radi alisema.

Neno moja. Hata shati alikuwa bado hajalivaa.

Mnyapara alifunga kalamu yake. Ugomvi wa chini haukumhusu mradi nyama itoke. Mstari ukaendelea. Siku nzima hakuna aliyezungumza habari ile, na hapo ndipo Radi alipojua kwamba imeshaamuliwa. Watu walimpisha njia. Mmoja alimletea maji ya kunywa. Alipasua ng'ombe, mabega yakimlilia, akijiambia kwamba Kipenga ana dhambi zake, kwamba kipigo hicho alikidai siku nyingi, kwamba watamtia makofi mawili matatu aende zake. Alijiambia hivyo kwa kila pigo la shoka. Wala hakujiamini hata kidogo.

Kengele ya kutoka ilipolia walimchukua. Wanne walimbeba kutoka getini, mmoja kamziba mdomo, wakamwingiza kwenye chumba cha ngozi, ambako sakafu huwa ni chumvi na maji ya damu mwaka mzima. Walimsimamisha. Kofia ilikuwa imedondoka, na bila kofia alikuwa mzee kuliko walivyodhani. Aliwatazama mmoja mmoja, akatafuta kosa lake la siku hiyo, asilione.

Kobe alimsukuma Radi mbele. "Pigo lako, kaka."

"Mimi nimekukosea nini wewe?" Kipenga aliuliza. Hakuuliza kwa kiburi. Alitaka kujua.

Radi alimpiga. Tusidanganyane, alimpiga: ngumi ya mdomo, na mkono ulimuuma yeye zaidi ya ulivyomuuma aliyepigwa. Midomo ya mlinzi ilipasuka. Gunia likashuka kichwani na watu wakaingia.

Kumpiga mtu aliyevishwa gunia si sawa na kumpiga mwenye uso. Gunia halina macho wala mama. Walimpiga kwa ngumi, akaanguka. Wakampiga kwa gambuti, na gambuti za machinjioni zina bamba la chuma mbele. Ubavu ulitoa ule mlio ambao kila mtu mle ndani aliujua, kwa maana waliusikia mara mia kwa siku, na badala ya kuwazuia uliwapandisha mori. Mtu mmoja alimkanyaga vidole akitaja jina la yule mama wa kitenge. Mwingine alitaja siku aliyozuiwa getini mtoto wake akiwa mahututi nyumbani. Kila mmoja alikuwa na lake, limechacha, na yote yalikuwa yanamwagwa pale chini. Na juu ya vichwa vyao, kwenye chumba cha vioo, taa ilikuwa inawaka na mtu aliyetunga kila amri ambayo Kipenga aliitekeleza alikuwa anakunywa chai.

Kisha Kobe akatwaa kulabu. Ni chuma kilichopinda, urefu wa mkono, kinachotumika kumtoboa ng'ombe kwenye mshipa wa mguu ili apandishwe. Kobe alikuwa amekasirika sasa. "Huyu ataning'inia," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na akanyanyua.

Radi hakufikiri. Miguu iliyomkatalia ngazi wiki saba ilimrusha. Alianguka juu ya gunia, kifua chake juu ya kichwa cha Kipenga, na kulabu iliyokuwa ikishuka ikamkamata yeye juu ya kiwiko, ikachana mpaka kwenye kifundo.

Watu wa machinjioni wanaijua damu. Wanajua inavyotoka na inavyokoma. Waliitazama ile ya Radi wakisubiri ikome, na haikukoma. Ilitoka nyepesi, nyekundu, kwa wingi, kama bomba lililokatwa, ikapita juu ya chumvi na kujaza alama za gambuti. Mtu mmoja alifunga jeraha kwa shati, shati likalowa. Wakaongeza aproni. Damu ikapita chini yake.

"Kwa nini haigandi?" Kobe aliuliza. Kulabu ilikuwa bado mkononi.

"Ni dawa," Radi alisema. "Nina chuma moyoni. Nameza dawa za kuizuia damu isigande, na ndizo zinanitia haya mabaka. Hakuna aliyenipiga. Huyu hajanigusa. Sikwenda msibani, nilikwenda hospitali. Nilisema Kipenga kwa sababu niliuogopa ule mpira wa maji. Nimemsingizia."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetapika, na alipomaliza hakuna aliyejua aweke wapi mikono yake. Kobe aliidondosha kulabu. Kisha akainama, akamzaba Radi kofi la uso, zito, la kaka kwa kaka, akamkamata mkono uliokuwa unavuja, akaukandamiza kwa magoti yake mawili na uzito wake wote.

Gunia lilivuliwa. Kipenga alikuwa na jicho moja lililofunguka. Alilitumia kumtazama Radi, akakusanya damu mdomoni, akamtemea shingoni.

Walipelekwa hospitali kwenye gari moja la nyama, wamelala sambamba.

Ni muuguzi wa chumba cha dharura, mama wa makamo mwenye miguu iliyovimba, aliyefanya kile ambacho daktari wa kliniki alishindwa. Alimshona nyuzi thelathini na moja, akasubiri damu ikome, akavuta kiti. Alimimina vidonge vyote vitano kwenye trei na kumwonyesha kimoja kimoja. Hiki kinazuia damu isigande kwenye kile chuma. Ndicho kinachokutia mabaka, lakini ukikiacha kwa uamuzi wako chuma kinaziba na unakufa kabla hujafika mlangoni. Hicho usikiguse bila daktari. Hiki kinapunguza mwendo wa moyo, ndiyo maana mikono ni baridi na ngazi zinakushinda. Na hiki, cha kupunguza mafuta kwenye damu, mara nyingine kinachoma misuli. Yaweza kuwa ndicho, yaweza kuwa sicho; damu itapimwa, na kama ndicho, kipo cha kubadilisha.

"Kumbe kinabadilishwa?" Radi aliuliza.

"Kinabadilishwa kila siku, baba. Hukuambiwa?"

Alianza kucheka, kicheko kibaya, kikamvuta nyuzi mpaka machozi yakamtoka. Wiki saba. Mbavu tatu za mtu. Jicho. Kwa maneno ya dakika kumi ambayo hayakusemwa.

Siku ya sita aliitwa chumba cha vioo. Mnyapara alikuwa na mtu wa kuandika, na shoka la Radi lilikuwa limelazwa juu ya meza, limenolewa. Alimwambia akae. Alimwambia kwamba anajua habari za moyo, na kwamba yeye ni binadamu, hataziandika popote. Mkono ukipona Radi atarudi kwenye nafasi yake, na mpira wa maji hatauona. Kitu kimoja tu. Mlinzi alikuwa amemtaja Radi peke yake; wengine, kwa kuwaogopa, alidai hakuwaona kwa sababu ya gunia. Waliobaki walikuwa nani?

Radi alilitazama shoka. Mpini ulikuwa umelika pale vidole vyake vilipokaa miaka kumi na mmoja. Alielewa kinachonunuliwa. Majina tisa, na miongoni mwao watu wote waliowahi kunyanyua mdomo pale chini. Wangetoka wote siku moja kupitia mlango ule mmoja, na mnyapara angelala usingizi wa mtoto.

"Aliyemsingizia ni mimi," alisema. "Aliyempiga ni mimi. Andika."

"Mbavu tatu? Kwa mikono hiyo ya mgonjwa?"

"Andika, bwana. Nilishataja jina mara moja kwenye jengo hili kuokoa hilo shoka. Sitaji tena."

Mnyapara alisema basi aende nje, na ashukuru hawajaita polisi. Hakutaka polisi, Radi alijua; polisi wangeuliza mengi. Alisimama. Mkono wake mzima ulilishika shoka kabla yeyote hajaelewa, ukalipandisha, na kulishusha katikati ya meza mara moja tu. Meza ilikuwa mbao nzuri, ngumu. Ikapasuka toka ukingo hadi ukingo, karatasi zikateleza kwenye ufa, na mtu wa kuandika akajikuta amesimama juu ya kiti. Radi aliliacha shoka limesimama humo, bega likimwaka, akashuka ngazi moja moja akishika ukuta.

Kobe alimfuata hadi nje ya geti, kwenye mlinzi mgeni ambaye hakujua wa kumpekua. Walitembea mpaka kwenye kona.

"Ile ya dawa kuchoma misuli, uliyonisimulia," Kobe alisema mwishowe, akitazama barabara. "Inaanzaje?"

"Kwa nini unauliza?"

Kobe alifungua na kufunga vidole vyake vya kulia. Viwili havikufunga. Alisema ni mwaka wa pili sasa, tangu wampe dawa za presha au tangu kabla, hajui. Kisu humponyoka, na anakifunga kwa utepe chini ya glovu asionekane. Daktari alimwambia ni umri.

Radi alisimama. "Yule wa benchi la saa tano? Anayeandika huku ameinamisha kichwa?"

"Huyohuyo."

"Kesho asubuhi tunakwenda," Radi alisema. "Tunaingia wawili. Mimi nitaegemea mlango, wewe utaongea. Na siondoki mlangoni mpaka ainue kichwa."